Uzi Ndani ya Seli

Jumatatu, 4 Machi

Muhula umefunguliwa na mvua imekuja nao. Paa la maabara linavuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya meza ya mwisho, na ndoo ni ileile. Nimeitoa hadubini kabatini na kuivua mfuko wake, ambao mke wangu aliushona kwa mabaki ya vitambaa vya sare. Tunazo tatu, lakini inayofanya kazi ni hii moja. Zile mbili ni vyuma vya kupimia uvumilivu wangu.

Mtihani wa vitendo ni mwisho wa Mei. Darasa hili nimelilea tangu hawajui kushika slaidi bila kuacha alama za vidole. Nataka wafaulu wote, hata wale wavivu. Hao hasa.

Nilizaliwa na jicho la kushoto goigoi, lisiloona zaidi ya ukungu wa rangi. Dunia yote nimeitazama kwa la kulia. Pengine ndiyo sababu niliipenda kazi hii, maana hadubini inataka jicho moja tu. Mbele yake sote ni chongo.

Jumatano, 6 Machi

Leo ngozi ya kitunguu. Unabandua ule utando mwembamba wa ndani, unautandaza juu ya kioo, unadondosha tone la iodini, unafunika polepole hewa isiingie. Mtunza maabara, ambaye wanafunzi humwita Kizibo kwa kuwa hawezi kupita karibu na chupa iliyo wazi bila kuifunga, alikuwa ameandaa kila kitu kabla sijafika.

Niliinama. Seli zilikuwa zimepangika kama matofali, kila moja na ukuta wake, kila kiini kimesukumwa pembeni na maji yaliyojaa katikati. Miaka yote hii na bado hunifurahisha. Lakini leo palikuwa na uzi. Uzi mwembamba, umejikunja, umekatiza seli tatu bila kuomba njia.

"Kizibo, lenzi imeota ukungu."

"Haijaota, Mwalimu. Nimeifuta juzi. Na kabatini nimeweka mchele mkavu unyonye unyevu."

"Basi umeifuta vibaya."

"Labda," akasema, na akafunga chupa ya iodini.

Mtu akikujibu "labda" kwa sauti ile, ujue amekuita mwongo kwa adabu.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Uzi bado upo.

Jumanne, 12 Machi

Seli za shavu. Nimewafundisha kukwangua ndani ya shavu kwa upande butu wa kijiti cha meno. Wakacheka, wakatema mate, mmoja akadai amejikata na anahitaji ruhusa ya kwenda nyumbani. Nikawaeleza kwamba seli ya mnyama haina ukuta, ina utando tu, na utando huo ndio bawabu: ndio unaoamua nini kiingie na nini kitoke. Mmea umejengewa nyumba ya matofali, sisi tunaishi kwenye mahema.

Uzi ulikuwepo huko pia. Sasa ni nyuzi mbili, na vidoa vyeusi kama nzi wadogo.

Kilichonichoma si hicho. Nilipokusanya michoro yao, yote ilikuwa safi. Hakuna aliyechora uzi wala kidoa! Miaka nenda miaka rudi nawaimbia wimbo mmoja: chora unachokiona, si unachokijua. Wao wamenakili picha ya kitabuni, seli zimeng'aa kama zimetoka kuoga. Nikawapa sifuri darasa zima.

Yule binti wa mbele ninayemwita Swali, kwa kuwa hajawahi kumaliza kipindi bila kuuliza, akainua mkono.

"Samahani, Mwalimu. Huo uzi uko upande gani?"

"Katikati. Unapita kama barabara."

Akainama kwenye hadubini akakaa sana. "Mimi naona seli tu."

"Basi huoni."

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Alirudi kukaa akiitazama sifuri yake kana kwamba ataiuliza nayo swali.

Jumatano, 20 Machi

Jioni nilikuwa kibarazani, mke wangu ndani anashona. Nikamwambia funga dirisha, umeme unapiga kuelekea huku. Akatoka, akatazama juu.

"Umeme gani? Mbingu shwari kabisa. Nyota zimejaa."

Kwa kweli nyota zilikuwa zimejaa. Nikasema basi ulipiga mbali. Ulipiga tena, pembeni, upande wa sikio. Kazi nyingi na usingizi mdogo.

Ijumaa, 22 Machi

Nimesahihisha. Sifuri nyingine kumi na moja.

Jumanne, 26 Machi

Nimeifungua lenzi mwenyewe kwa bisibisi ndogo ya mke wangu ya cherehani. Nimeifuta mbele ya Kizibo, taratibu, nikimwonyesha kama mtoto. Nikairudisha, nikainama. Nyuzi zipo, na zimeongezeka.

Nimekwenda kwa Mkuu wa shule. Nimemwambia kifaa cha pekee cha shule kinaharibiwa na uzembe wa mtu mmoja, na mtihani uko mlangoni. Mkuu hapendi maneno marefu. Kabla ya mchana Kizibo alishatolewa maabara, amepewa brashi na debe la rangi akapake madawati kule nyuma. Alinikabidhi funguo mkononi. Hakusema hata "labda".

Jumanne, 2 Aprili

Naandika nikiwa nimefunga mlango wa maabara.

Leo nilikuwa nawafundisha jinsi ya kutafuta uchafu. Ni kanuni ya kazi, niliirithi kwa mwalimu wangu. Ukiona doa, usilaumu kitu kwanza. Zungusha lenzi ya juu: doa likizunguka nayo, liko hapo. Lisipozunguka, sogeza slaidi: likihama nayo, liko kwenye slaidi. Likitulia huku na huku, liko kwenye lenzi ya chini. Rahisi, hata mvivu anaelewa.

Nikainama kuwaonyesha. Nikazungusha lenzi ya juu. Uzi haukuzunguka. Nikasogeza slaidi, seli zikapita zote kama watu wanaoshuka ngazi, uzi ukabaki. "Mnaona," nikasema, "hauko juu, hauko kwenye slaidi, kwa hiyo uko lenzi ya chini, mahali ambapo mtu fulani alitakiwa apafute."

Swali akainua mkono.

"Mwalimu, na kama doa linahama na wewe mwenyewe?"

Darasa likaangua kicheko. Nami nikacheka. Na nikiwa bado nacheka, jicho langu likahama kidogo kutoka kiini kimoja hadi kingine, na uzi ukalifuata. Ukapitiliza, ukarudi, ukatulia polepole kama jani kwenye maji ya ndoo.

Nikaacha kucheka. Nikawaambia wafungue vitabu wasome kimya. Wakanitazama, hawajazoea.

Walipotoka nilifunga mlango. Nikaweka jicho la kushoto, hili bovu ambalo sijawahi kulitumia kwa kazi yoyote. Nikaona ukungu wa rangi ya iodini na mistari hafifu ya kuta. Hakuna uzi. Nikarudisha la kulia: nyuzi. Nikageuka nikatazama ukuta mweupe wa maabara bila hadubini yoyote. Nyuzi zilikuwa ukutani, nzi walikuwa ukutani, na nilipogeuza kichwa vyote viligeuka nami.

Lenzi haina kitu. Haijawahi kuwa na kitu. Watoto walichora walichokiona, nikawapa sifuri kwa sababu hawakuona ugonjwa wangu. Na mtu mzima mwenzangu yuko nyuma kule anapaka madawati.

Nyani haoni kundule. Nimeutumia msemo huo kwa watu wengi mno.

Alhamisi, 4 Aprili

Sijamwambia mtu. Najua ninachopaswa kufanya, na kwa sababu najua ndiyo maana siendi. Nikienda, litatajwa jina la kitu hiki, na likishatajwa halirudi.

Leo nimefundisha seli zilizo na kazi maalumu. Nilisimama mbele ya watoto nikawaeleza kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba nyuma ya jicho kuna tandiko la seli zinazopokea mwanga, zimebanana kuliko watu sokoni, zinakula sukari na hewa kuliko karibu seli zote za mwili. Nikawaeleza seli za shavu hufa kila siku na kuzaliwa nyingine, ukipiga mswaki unazitema. Hizi za jicho hazina mbadala. Ulizozaliwa nazo ndizo utakazozikwa nazo.

Swali aliandika kila neno.

Nina jicho moja. Mungu wangu, nina jicho moja tu.

Jumamosi, 6 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Nimejiambia nitakwenda Jumatatu.

Jumatatu, 8 Aprili

Sikwenda. Leo kuna kivuli kwenye kona ya chini, upande wa pua. Nimenawa uso mara kadhaa. Maji hayakiondoi.

Jumanne, 9 Aprili

Kivuli kimepanda. Wahenga walisema macho hayana pazia. Langu linalo, na linavutwa kutoka chini kwenda juu.

Kila jioni mke wangu hunipa sindano nimtungie uzi. Macho yake ya karibu yalishachoka, na huu umekuwa utani wetu: yeye ndiye fundi, mimi ni msaidizi wa kutunga uzi, mshahara wangu chai. Leo aliniletea. Nikakosa. Nikalowesha ncha ya uzi kwa mate, nikakosa tena. Nikaelekeza kwenye taa, nikajichoma kidole.

Akaninyang'anya sindano. Akaninyanyua kidevu.

"Nitazame. Nitazame mimi, si taa."

Nikamtazama. Nywele na paji la uso niliviona. Kidevu chake hakikuwepo.

"Tangu lini?"

"Siku chache."

"Usinidanganye kama mwanafunzi wako. Tangu lini?"

Nikamwambia. Nilidhani atalia. Alikasirika mpaka akapiga meza na vifungo vikamwagika sakafuni.

"Mwezi! Mwezi mzima umekaa nalo, unagombana na lenzi! Wewe mwanamume, jicho hilo ni lako peke yako? Unadhani nitakushika mkono mpaka lini?" Halafu akapiga magoti kuokota vifungo, na hapo ndipo nilipomsikia analia. "Mpaka tufe," akasema akiwa chini ya meza. "Nitakushika mpaka tufe, lakini sitakusamehe leo."

Nilipiga magoti kumsaidia. Vifungo vya upande wa chini sikuviona.

Jumatano, 10 Aprili

Daktari wa macho ni mwanamke kijana, sauti yake ya chini. Alimulika ndani ya jicho kwa muda, akaniambia tazama juu, tazama kushoto, tazama chini. Kisha akakaa.

"Nyuzi ulianza kuziona lini?"

"Mwanzoni mwa Machi."

"Na umeme pembeni?"

"Kabla mwezi haujaisha."

"Unafanya kazi gani, mzee wangu?"

"Mwalimu wa baiolojia."

Akaliandika hilo kwenye faili, na ningependa zaidi angenitukana.

Akanieleza. Retina, lile tandiko la nyuma ya jicho, ilianza kwa kuchanika padogo. Hapo ingeshikizwa kwa mwale wa leza, nikarudi nyumbani siku ileile. Sasa maji yamepita kwenye ufa yakaibandua, kama rangi ya ukutani inavyobanduka unyevu ukiingia nyuma yake. Na seli zile hulishwa kutoka ukutani. Zikibanduka, zinakufa njaa.

"Katikati bado kumeshika?" nikamuuliza. Katikati ndipo tunaposomea, ndipo tunapotazamia hadubini.

"Mpaka asubuhi ya leo huenda kulikuwa kumeshika," akasema. "Sasa kunaachia."

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi hata ukuta sina wa kujenga. Mnyama hana ukuta, nimelifundisha hilo maisha yangu yote.

Ijumaa, 12 Aprili

(Naandika mimi, mke wake. Amesema niandike tarehe. Wamempasua. Wamemtoa ute wa ndani wa jicho na wamejaza hewa maalumu ili isukume ile ngozi irudi ukutani. Ameuliza kuhusu mtihani kabla hajauliza kuhusu mimi.)

Jumatatu, 15 Aprili

Ninalala kifudifudi. Hewa hupanda juu, kwa hiyo uso lazima uwe chini ili isukume nyuma ya jicho. Usiku na mchana, kula, kunywa, kusali, yote uso chini. Daftari liko sakafuni, kalamu mkononi, naandika herufi kubwa kwa jicho bovu. Mistari yangu inapandana kama mbuzi.

Ni mkao uleule wa hadubini. Nimeinama hivi miaka yangu yote na sasa nimeinamia sakafu ya saruji. Kuna ufa mmoja, na sisimizi wanaopita hapo ambao siwaoni, naambiwa tu wapo.

Jana nilimpigia simu Mkuu nikiwa hivi. Nilimwambia kosa halikuwa la Kizibo, halikuwa la mtu yeyote isipokuwa langu, na kila sifuri niliyotoa tangu Machi ifutwe. Sijawahi kuomba radhi nikiwa na mkao unaofaa kiasi hicho.

Jumatano, 17 Aprili

Nimeogopa leo kuliko siku zote. Nimemwambia mke wangu nikipofuka aniue. Amesema ana sare za shule nzima za kushona, hana nafasi.

Alhamisi, 18 Aprili

Kizibo amekuja. Niliona viatu vyake tu, na hata hivyo si viatu, ni madoa mawili meusi yenye alama za rangi ya bluu ya madawati.

"Kizibo, nisamehe."

"Sikuja kukusamehe," akasema. "Nimekuja kuona kama ni kweli."

"Ni kweli."

Akakaa kwenye kiti. Mke wangu akaleta chai, Kizibo akainywa yote. Nilikuwa nikiongea na viatu.

"Wanafunzi walikuwa wakinipita kule nyuma," akasema mwishowe. "Wakiniita Ukungu. Kizibo lilikuwa jina zuri. Mtu anayeitwa Kizibo anafanya kazi yake."

Maji yakimwagika hayazoleki, na hata kumtazama usoni nilikuwa siruhusiwi.

Alipoinuka aliweka kitu kwenye kiti. Mke wangu aliniambia baadaye: ulikuwa mfuko wa hadubini, amekuja nao ili ashonewe mshono ulioachia. Amerudishiwa funguo.

Jumatatu, 29 Aprili

Nimeruhusiwa kuinuka. Lile povu la hewa limepungua. Naliona kwa chini, ndani ya jicho, duara lenye ukingo mweusi mwembamba, linatikisika nikitembea. Ukingo ule ni kama utando hasa. Ndani hamna kiini. Nimemuuliza mke wangu kama naye anaona kitu pale, kwanza kabla ya kusema lolote. Nimejifunza.

Daktari amesema retina imeshika. Kitakachobaki povu likiisha ndicho nitakachokuwa nacho.

Ijumaa, 3 Mei

Limegawanyika mawili, povu kubwa na mtoto wake. Nimecheka peke yangu.

Jumatatu, 13 Mei

Limeisha. Nimekaa mlangoni kutwa nikitazama. Naona mlango. Naona mtu akipita kuwa ni mtu. Nimemwomba mke wangu asimame mbele yangu kwenye mwanga. Umbo lake lote lipo, mpaka kidevu. Lakini katikati, pale ninapotazama hasa, uso umefutika kama mtu amepitisha dasta.

"Unaniona?"

"Nakuona."

"Nimevaa nini usoni?"

Alikuwa amevaa miwani mipya ya kutungia uzi. Sikuiona.

Jumatatu, 27 Mei

Mtihani wa vitendo ni kesho. Mkuu ameleta mwalimu mwingine wa kusimamia. Leo aliniachia kipindi cha mwisho cha marudio.

Mvua zimekatika. Kizibo alikuwa amepanga kila kitu: kitunguu, iodini, vijiti vya meno. Nilisimama mbele nikawaambia watoto kwamba sifuri zile zilikuwa zangu, si zao. Mmoja akapiga makofi, wenzake wakamzomea.

Walipita mmoja mmoja kwenye hadubini. Nilisimama pembeni na kuwataka waniambie, kwa mdomo, wanachokiona. Ukuta. Utando uliobanana nao. Kiini pembeni. Nikajua nani ameona na nani anakariri, sauti hubadilika. Swali alipofika aliinama akakaa sana, kama siku ile.

"Kuna uzi?" nikamuuliza.

"Hakuna, Mwalimu." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Natamani huo uzi ungekuwepo."

"Chora."

Walipoondoka nilibaki na Kizibo. Alikuwa anafunga chupa. Nikaenda kwenye kigoda, nikainama, nikaweka jicho la kulia mahali pake. Mikono ilijua yenyewe. Nikazungusha taratibu, kama nilivyofundishwa.

Mwanga. Mweupe, mpana, umetulia. Ute uliokuwa na nyuzi walishautoa wote. Nilizungusha tena, mbele na nyuma, mpaka vidole vikaniuma. Nyuma yangu Kizibo aliacha kufunga chupa.

"Lenzi yako ni safi, Kizibo," nikamwambia. "Haina uzi hata mmoja."

Alikuja akasimama kando yangu.

"Na seli, Mwalimu? Unaziona?"

"Nazijua," nikasema.